Daftari Limejaa, Banda Tupu

Kila mtaa una watu hawa, na wengi wao ni watu makini. Wamehudhuria semina ya ufugaji wa kuku, semina ya kilimo cha matikiti, mafunzo ya kutengeneza sabuni ya maji. Vyeti wamevitunza kwenye bahasha ya kaki. Simu zimejaa video, na makundi ya WhatsApp ya wafugaji waliyojiunga nayo hayahesabiki. Waulize kuhusu gumboro, watakutajia dalili zake bila kukosea hata moja. Waulize kuku wako wapi, watakwambia bado wanajipanga.

Sisemi ni wavivu. Mvivu hakai kutwa nzima kwenye kiti cha plastiki akiandika. Ninavyoona, wamekwamishwa na maneno yanayosemwa sana kuhusu elimu, nyumbani, shuleni na kwenye majukwaa ya wahamasishaji, maneno ambayo watu huyameza bila kuyatafuna. Hapa nimeyachukua baadhi na kuyapima. Mengine ni uongo, mengine ni kweli nusu, na lipo ambalo ni kweli kabisa ila watu wamelishika kwa upande usio wake.

"Kwanza nielewe kila kitu, ndipo nianze"

Si kweli.

Katika karne ya 18 kiseyeye kiliua mabaharia wa Uingereza kwa maelfu. Fizi zilivimba zikaoza, meno yakang'oka, makovu ya zamani yakafunguka upya kuwa vidonda. Mwaka 1747 James Lind, daktari kwenye meli ya kivita HMS Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wenye hali inayofanana, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa tiba yao. Kuna waliopewa siki, kuna waliopewa maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa na malimau. Hao wa matunda ndio walioinuka upesi. Baada ya siku 6 mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini.

Jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau kwa utaratibu rasmi, mwaka 1795, kiseyeye kikaanza kutoweka melini. Vitamini C ilikuja kutambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1930. Kwa zaidi ya karne nzima, basi, watu walikuwa wanaokoa maisha kwa kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyeweza kueleza kinafanyaje kazi. Walijua kwamba kinaponya, wakakitumia.

Tena kuna maarifa ambayo hayapatikani mahali pengine popote isipokuwa kazini. Kitabu chochote cha ufugaji kitakwambia kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la kati ya nyuzi 32 na 35 za sentigredi. Ni kweli, na ni vizuri kuijua namba hiyo. Sasa njoo usiku wa kwanza, saa nane, umechuchumaa kando ya uzio wa maboksi ulioutandika maranda, jiko la mkaa katikati. Vifaranga wamerundikana wote upande mmoja karibu na jiko, wanapandana migongoni, wanalia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Wanasikia baridi. Unapapasa sakafuni na kugundua upepo unapenya chini ya mlango. Unaziba pale chini kwa gunia, dirisha la juu unaliacha wazi maana moshi wa mkaa unaua, unaongeza mkaa kidogo. Baada ya muda wamehama. Wamejibanza ukingoni, mbali na jiko, midomo wazi, mabawa wameyaachia. Sasa joto limezidi, unatoa makaa mawili. Alfajiri unawakuta wametawanyika uzio mzima, hawa wamelala, wale wanadonoa, na kelele zimeshuka zimekuwa mlio mdogo wa kuridhika.

Anayeufanya usiku huo mara moja hahitaji tena kukariri nyuzi. Atafungua mlango asubuhi inayofuata, asikie sauti tu, na ajue kama jiko limezimika. Semina inaweza kumwambia kwamba sauti hiyo ipo. Kumfundisha kuisikia haiwezi, na mkufunzi mkweli atakubali hilo bila kuona haya.

"Nikisoma nikaelewa, basi nimejua"

Si kweli, na huu ndio uongo unaotudanganya kwa upole kuliko mingine yote, kwa sababu tunausikia ndani ya vichwa vyetu wenyewe.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma habari fupi, likarudia kuisoma tena na tena. Kundi jingine liliisoma kwanza, kisha likafunika karatasi na kujaribu kuandika lilichokumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka asilimia 83 ya habari dhidi ya asilimia 71 za wenzao. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, na waliojitoa jasho kukumbuka walikuwa na asilimia 61. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Ndiyo maana mtu anatoka kwenye mafunzo ya kutengeneza sabuni akiwa na uhakika kamili. Amemwona mkufunzi akichanganya, amefuata kila hatua, kila hatua ilikuwa na mantiki, amepiga picha. Hajui bado. Aende nyumbani jioni ile ile, afunge daftari, amweleze dada yake hatua zote kwa mpangilio. Atakwama mahali. Pale atakapokwama ndipo somo lake linapoanzia. Asipokwama, basi kesho anunue malighafi za ndoo moja, maana hana tena sababu ya kurudi darasani.

"Vitabu havina kazi, waliofanikiwa wote walijifunzia mtaani"

Si kweli, na mimi maneno haya yananiudhi. Yanawafariji wasiopenda kusoma na kuwapotosha vijana.

Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada. Watu huishia hapo wakiisimulia habari yao. Wanasahau kwamba mwaka 1899 Wilbur aliandika barua kwa taasisi ya Smithsonian kuomba maandishi yote yaliyokuwepo kuhusu kuruka, akayasoma kwa bidii. Tofauti yao na wasomaji wengine wa maandishi yale ni walichofanya baada ya hapo. Mwaka 1900 walikuwa tayari kwenye mchanga wa Kitty Hawk na chombo chao cha kwanza kisicho na injini. Mwaka 1901 walirudi na kikubwa zaidi, nacho kiliwavunja moyo, kwa kuwa nguvu ya kukiinua ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile iliyotabiriwa na hesabu zilizotokana na vitabu.

Mtu aliyebaki maktabani asingeligundua hilo kamwe. Hesabu zilikuwa zimeandikwa na wataalamu wa kuheshimika, na kwenye karatasi zilikaa sawa. Majira ya vuli ya mwaka ule ndugu hao walijenga sanduku la kupitisha upepo, wakatengeneza mizani kwa vipande vya msumeno na njiti za baiskeli, wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Yaani walirudi kwenye elimu, ila safari hii walikuwa na swali lenye ncha. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ya injini iliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Siku hiyo hiyo, katika jaribio la nne, ikakaa angani sekunde 59.

Jirani zetu wa Malawi wana mfano wao. William Kamkwamba alikuwa na miaka 14 njaa ya 2001 na 2002 ilipoifanya familia yake ishindwe kumlipia ada ya sekondari. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo alisoma kitabu cha nishati kwa kufuata michoro na kuuliza maana ya maneno yaliyoandikwa chini yake. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na miti ya mkaratusi alisimamisha kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwondolee kitabu kile, kinu hakipo. Mwondolee jalala la vyuma chakavu alikookotea vifaa, kinu hakipo vilevile.

"Watu wakielimishwa watatenda"

Si kweli ukiliacha hivyo. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu serikali, mashirika na wazazi humwaga fedha nyingi kwa kuliamini neno hili.

Turudi kwa Lind. Jaribio lake lilifanyika mwaka 1747, kitabu chake kikatoka mwaka 1753, na amri ya kugawa maji ya limau ikaja mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Kwa miongo minne jibu lilikuwa limechapwa na linauzwa madukani, na mabaharia wakaendelea kufa. Sehemu ya lawama ni ya Lind mwenyewe. Habari ya jaribio ilikaa kwenye kurasa chache tu ndani ya kitabu kinene kilichojaa nadharia, na alipendekeza juisi ichemshwe mpaka iwe nzito ili isiharibike safarini, jambo linaloua kile kile kinachoponya. Jibu lilikuwepo. Hapakuwa na mpango wa nani alinunue limau, lihifadhiwe vipi, na nani ahakikishe kwamba kila baharia anakunywa.

Sasa linganisha na kilichofanyika Tanzania mwaka 1973. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Rais Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilishajaribu kufundisha kwa redio kabla ya hapo. Ila hii ya 1973 ilikuwa ya aina yake. Watu wapatao milioni 2 walijiunga, katika vikundi vilivyosambaa nchi nzima, kwa muda wa wiki 12.

Mtu anaweza kudhani ilikuwa ni redio kuhubiri usafi. Haikuwa hivyo. Mara moja kwa wiki kikundi kilikusanyika, chini ya mti au darasani, mbele ya redio. Kipindi kilichukua dakika 20 hivi. Redio ikizimwa, kiongozi wa kikundi, mwanakijiji mwenzao aliyepewa mafunzo mafupi, alisoma kwa sauti sehemu ya kijitabu ili hata asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Kisha mjadala: je, malaria iko hapa kwetu? Maji yamesimama wapi? Nani hana choo, na kwa nini hana? Na kikao hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha mpaka kikundi kiamue kitafanya nini kabla ya kukutana tena. Watu walifyeka nyasi zilizozunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo kwa maelfu, wakaanza kuchemsha maji ya kunywa.

Angalia mpango huo ulivyofumwa. Somo lilikuwa fupi na kazi ilikuwa ya wiki nzima. Uamuzi ulifanywa mbele ya watu ambao ungekutana nao kisimani kesho yake. Na hakuna aliyesubiri kumaliza masomo yote 12 ndipo ashike jembe, kwa sababu kila wiki ilikuwa na kazi yake. Ningetamani kila mwandaaji wa semina za leo aisome habari hii kabla hajapanga kumbi na chakula cha mchana. Semina ya siku 3 mfululizo, masomo 14, kisha cheti na picha ya pamoja, imempa mtu mzigo wa wiki 12 bila hata siku moja ya kuutua.

Mbinu hiyo haijafa. Ipo kwenye mashamba darasa, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha kwa wakulima wa mpunga Indonesia mwaka 1989 na kuyaleta Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1990. Wakulima ishirini na kitu hukutana shambani kila wiki tangu kupanda hadi kuvuna. Vipande viwili vya shamba vinalimwa kwa namna mbili tofauti, na wao wenyewe wanachunguza majani, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, wanabishana. Bwana shamba yupo, ila hamalizi ubishi kwa kauli yake. Mavuno ndiyo yanayoumaliza.

"Bila cheti usiguse"

Inategemea unagusa nini.

Kuna kazi ambazo kosa la kwanza linaondoka na roho ya mtu. Usijifunze kuzalisha wajawazito kwa kujaribu, usiunganishe umeme wa nyumba kwa kufuata video, usichanganye dawa za watoto kwa kukisia. Huko cheti kina maana, na hata mwenye cheti anaanza chini ya mkono wa aliyemtangulia. Ni kweli tupu na sina la kuongeza.

Tatizo ni kwamba tumeibeba heshima hiyo ya cheti na kuipeleka hadi kwenye bustani ya mchicha. Mwalimu Nyerere aliliona mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alionya kwamba shule tulizorithi zinawafanya vijana waamini kuwa maarifa yote ya maana yanatoka vitabuni au kwa wasomi, na kwamba mzee wa kijijini anayejua udongo na misimu hana la kuwafundisha.

Profesa Wangari Maathai alikutana na imani hiyo ana kwa ana. Yeye mwenyewe alikuwa msomi wa juu kabisa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Jaribio lake la mwanzo la kitalu lilikwama na miche ikanyauka kwa kukosa maji. Mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akaanza upya kwa miti 7 iliyopandwa Kamukunji, Nairobi. Wanawake wa vijijini walipoitikia, maofisa wa misitu walikuja kuwafundisha. Wakaeleza mteremko wa ardhi, pembe ya mionzi ya jua, kina cha tuta, kiasi cha changarawe, zana maalumu. Kina mama wakachanganyikiwa. Hawa ni watu waliopanda mahindi na maharage maisha yao yote. Maathai akawaambia watumie akili na uzoefu wao: waokote mbegu kwenye miti ya kwao, watumie vyungu vilivyovunjika na makopo, waweke mbali mbuzi, watazame kinachoota na kinachokufa. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, hivyo walikuwa na sababu ya kurudi kuutazama. Akawaita wanamisitu wasio na diploma. Vuguvugu hilo la Green Belt limepanda miti zaidi ya milioni 50, na mwaka 2004 yeye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nauliza tu: ungekuwa wewe mmoja wa kina mama wale, na yule ofisa wa misitu ndiye peke yake aliyekuja kijijini kwenu, ungepanda?

"Haraka haraka haina baraka"

Kweli kabisa. Ila methali hii inakataza pupa, na watu wengi wanaitumia kuhalalisha kukaa. Dawa ya pupa ni udogo wa kitu unachokianzisha.

Anayekopa fedha za kikundi na kununua vifaranga 500 bila kuwahi kufuga hata mmoja anahatarisha nyumba yake. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unaweza kumaliza banda zima katika siku chache. Anayeanza na kuku 10 wa kienyeji atajifunza mambo yale yale: kwamba chanjo ya mdondo aina ya I-2 ni tone moja jichoni, kwamba inarudiwa kila baada ya miezi 3, kwamba wanachanjwa kuku wazima na si kuku ambao tayari wamezubaa wakiwa wameshusha mabawa. Wakifa 4 atalia, lakini hatahama mji. Na mkopo, akiutaka baadaye, ataukopa akijua chakula cha kuku mmoja kinagharimu kiasi gani kwa mwezi, kwa sababu amekinunua mwenyewe kwa fedha yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia bado anajipanga, usimkemee. Muulize ni nini kidogo kabisa anachoweza kupoteza bila kuumia, halafu aanze na hicho.

"Kujifunza zaidi hakumdhuru mtu"

Si kweli, muulize mkulima. Katika mikoa yenye misimu miwili, vuli ni Oktoba hadi Desemba na masika ni Machi hadi Mei. Mahindi yaliyochelewa kupandwa yanakutwa na ukame kabla hayajakomaa, na mavuno yanashuka hata kama mbegu ni bora na mbolea ipo. Anayemaliza mafunzo ya kilimo bora mwezi Mei amepata elimu safi na amepoteza masika. Kujifunza kunakula muda, na muda una tarehe zake. Ada ya chuo ina mwisho wake, umri wa kuanza kazi ya nguvu una mwisho wake, na mtaji uliowekwa benki kusubiri uhakika unaliwa na misiba, harusi na homa za watoto mpaka siku unapopata uhakika huo huna tena cha kuanzia.

"Nia ninayo, nitaanza nikipata nafasi"

Si kweli, na hili lina ushahidi mzuri.

Mwaka 2002 watafiti watatu, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi 248 nchini Uingereza kuhusu mazoezi ya mwili. Kundi la kwanza halikufundishwa lolote kuhusu mazoezi. La pili lilisomeshwa vizuri jinsi mazoezi yanavyokinga ugonjwa wa moyo, nalo likashawishika kweli, nia ikapanda. Wiki iliyofuata, kati ya wale wasiofundishwa, asilimia 38 walifanya mazoezi angalau mara moja. Kati ya wale waliofundishwa wakashawishika, walikuwa asilimia 35.

Kundi la tatu lilipata somo lile lile, na kazi moja ya kuongezea: kila mmoja aliandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanyia mazoezi. Walitimiza asilimia 91.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ndiye aliyeichambua mbinu hii kwa miaka mingi. Maelezo yake ni mepesi. Nia peke yake inakutaka uamue upya kila siku, ukiwa umechoka, watoto wanalia, simu inaita. Ukishafunga tendo kwenye saa na mahali maalumu, saa na mahali ndivyo vinavyokukumbusha, na uamuzi ulishafanywa ukiwa na akili tulivu. "Nitajifunza kushona" halina mahali pa kushika. Wala "nitafanya mazoezi zaidi", wala "mwaka huu nitalima".

Sentensi yenye mahali pa kushika inataja saa, mahali, na tendo moja linaloweza kukamilika siku hiyo hiyo. Aliyemaliza kozi ya ushonaji na cherehani yake imefunikwa kitambaa angeweza kuiandika hivi: Jumanne, nikishamrudisha mtoto kutoka shule, kabla sijawasha jiko, nitakaa sebuleni na kukata sketi ya kwanza kwenye shuka la mtumba. Nasema shuka la mtumba kwa sababu ni la bei ndogo, na sketi ya kwanza mara nyingi hupinda kiunoni. Akiishona na ikapinda, Jumatano anaifumua na kutazama alipokosea, na siku hiyo ana swali halisi la kumpelekea fundi wake.